Wapagazi Hawamo Kwenye Boksi

Mezani kwangu hapa Nyakato nina jeshi la Napoleon: askari wa plastiki wa sentimita mbili na nusu, makoti ya bluu, mikanda myeupe. Mchezo ni wa vita vya mezani. Unapaka rangi, unapima hatua kwa rula, unarusha dadu. Siku moja nikajiuliza: nahangaika vipi na Waterloo ya 1815 wakati vita vilipita hapa hapa Mwanza?

Julai 1916 Waingereza waliuteka mji huu kutoka kwa Wajerumani. Basi nikaanza kupaka askari wetu waliopigana upande wa Mjerumani: sare za khaki, tarbushi zilizofunikwa kitambaa, bunduki za Mauser za 1871 ambazo moshi wake ulimfichua mpigaji.

Rangi si kazi. Kazi ni hesabu. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, kwa hiyo chakula na risasi vilibebwa vichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa maradhi. Jina la Kariakoo, ya Dar na ya Nairobi, linatokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Kwenye kanuni zangu mpagazi hana bunduki, hivyo hana pointi. Nimewaweka hivyo hivyo, watatu kwa kila askari. Sasa meza imejaa, askari hata hawaonekani vizuri. Nadhani ndivyo vita vile vilivyokuwa.