Nyimbo za Wapagazi wa Unyanyembe

Nyimbo za safari za wapagazi wa Kinyamwezi, ambazo leo huonekana kuwa za kuchangamsha miguu tu, zilikuwa pia njia ya kutetea haki za kazi katika barabara iliyounganisha Bagamoyo, Tabora (katika eneo la Unyanyembe) na Ujiji katika karne ya 19. Kirangozi, yaani kiongozi aliyetangulia mbele ya msafara, alianzisha wimbo, na wenzake, waliobeba mizigo ya takriban frasila mbili (kilo 32 hivi) ya vitambaa, shanga au pembe za ndovu, wakaitikia. Na kwa kuwa maneno yaliweza kutungwa papo hapo, tajiri mwenye msafara aliyepunja posho, ambayo mara nyingi ilikuwa kipande cha kitambaa cha kununulia chakula njiani, alisikia ubahili wake ukiimbwa na msafara mzima asipate wa kumwadhibu. Ujasiri huo haushangazi, kwani wengi wa wapagazi hao hawakuwa watumwa, ingawa hudhaniwa hivyo hadi leo, bali wafanyakazi wa ujira waliojivunia kazi yao. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, misafara ilififia, lakini uimbaji wa kupokezana uliendelea mashambani, katika vikundi vya kulima vya Wanyamwezi na Wasukuma.