Uonjaji wa Double IPA

Double IPA, ambayo huitwa pia Imperial IPA, ni aina ya bia kali inayotengenezwa kwa hopsi nyingi kuliko kawaida. Asili yake ni viwanda vidogo vya bia nchini Marekani, hasa katika jimbo la California. Kwa kawaida ina alkoholi asilimia 7.5 hadi 10, wakati bia nyingi zinazouzwa duniani zina asilimia 4 hadi 5. Makala hii inaeleza jinsi bia hiyo inavyoonjwa na kupewa alama katika mashindano.

Asili

Herufi IPA ni kifupi cha India Pale Ale, yaani bia ya rangi hafifu yenye hopsi nyingi ambayo Waingereza waliisafirisha kwa meli hadi Uhindi katika karne ya 18 na ya 19. Hopsi ni maua ya mmea unaopanda kwa kujizungusha kwenye kamba au mti, ambao jina lake la kisayansi ni Humulus lupulus. Maua hayo huipa bia uchungu na harufu, tena huzuia baadhi ya bakteria wanaoiharibu. Mmea huo hustawi penye mchana mrefu wakati wa kiangazi, kwa mfano katika bonde la Yakima jimboni Washington na katika sehemu za Ujerumani, si katika nchi za ikweta ambako mchana na usiku hulingana karibu mwaka mzima. Lakini wazo la kutia uchungu katika pombe si geni Afrika Mashariki: Wachagga wa Kilimanjaro hutia magome ya msesewe katika mbege ili kukata utamu wa ndizi.

Double IPA ya kwanza mara nyingi huhesabiwa kuwa ile iliyopikwa na Vinnie Cilurzo mwaka 1994 katika kiwanda cha Blind Pig mjini Temecula, California. Cilurzo mwenyewe ameeleza kwamba mitambo yake ilikuwa ya kizamani, kwa hiyo alitaka kuanza na bia yenye nguvu ya kutosha kufunika dosari ambazo zingeweza kutokea. Baadaye alihamia kampuni ya Russian River, inayotengeneza Pliny the Elder, bia yenye alkoholi asilimia 8 ambayo wengi huichukua kuwa kielelezo cha aina hii. Jina hilo ni la mwanachuoni wa Kirumi aliyefariki mwaka 79 wakati volkeno ya Vesuvio ilipolipuka.

Maelezo hayo ya Cilurzo yanagusa tatizo kuu la mwonjaji. Hopsi zinazoifanya bia hii ipendwe ndizo zinazoweza kuficha ubovu wake. Mtu anayeonja kwa mara ya kwanza hushtushwa na uchungu na kudhani kwamba kadiri bia inavyokuwa kama shubiri ndivyo ilivyo bora. Sivyo.

Uchungu na kipimo chake

Hopsi zina asidi ambazo hazina uchungu mwingi mpaka zichemshwe. Zikichemka pamoja na maji ya kimea kwa muda wa saa moja hivi, hubadilika umbo na kuwa chungu. Hopsi zinazotiwa dakika za mwisho, au zinazolowekwa katika bia baridi baada ya kuchachuka, hutoa harufu zaidi, kwa kuwa mafuta yake hayapati nafasi ya kutoroka pamoja na mvuke. Mpishi wa Double IPA hutumia njia zote hizo kwa pamoja.

Uchungu hupimwa maabara kwa kipimo kinachoitwa IBU. IBU moja ni karibu sawa na miligramu moja ya asidi chungu katika lita moja ya bia. Bia nyepesi ya kawaida ya Kimarekani huwa na IBU 8 hadi 18. Double IPA hutarajiwa kuwa na 60 hadi 100. Tarakimu hizo husaidia kiwandani, lakini si kipimo cha ulimi. Bia mbili zenye IBU 80 zinaweza kuonekana tofauti kabisa: ile yenye utamu mwingi wa kimea itaonekana laini, na ile isiyo na utamu itauma. Kwa sababu hiyo jaji hapaswi kupewa namba ya IBU kabla ya kuonja.

Namna ya kuonja

Bia humiminwa katika glasi safi isiyo na mafuta wala sabuni, afadhali yenye tumbo pana na mdomo mwembamba ili harufu ikusanyike. Glasi haigandishwi. Joto linalofaa ni kati ya nyuzi 7 na 13 za Selsiasi. Ikiwa baridi kupita hapo, harufu hujificha na kasoro hujificha nayo.

Pua hutangulia mdomo. Mwonjaji hunusa mara tu bia inapomiminwa, kwa sababu harufu nyingine hutoweka katika dakika chache. Hopsi za Kimarekani hukumbusha balungi, maganda ya machungwa, utomvu wa msonobari, na katika aina za karibuni embe, nanasi au pasheni. Aina iitwayo Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, ndiyo iliyozoeza watu harufu ya balungi. Mwonjaji akishazitambua hizo, kazi yake ndiyo kwanza inaanza: hutafuta kilicho nyuma yake. Je, kuna kimea, hata kidogo? Je, kuna harufu isiyotoka kwenye hopsi?

Kisha hutazama rangi, ambayo huwa ya dhahabu hadi ya shaba, na povu, ambalo linatakiwa kudumu. Baadaye hunywa funda dogo, huliacha lizunguke mdomoni, kisha hulimeza. Waonjaji wa divai huweza kutema, lakini wa bia kwa kawaida humeza, kwa sababu uchungu wa hopsi huja polepole na sehemu yake kubwa huonekana baada ya kumeza. Hapo ndipo bia njema hujitenga na mbaya. Uchungu mzuri huwa na nguvu lakini husafisha mdomo na kumwacha mtu akitamani funda jingine. Uchungu mbaya hukwaruza koo, au huleta ukakasi kama wa ndizi mbichi, jambo linalotokea hopsi zinapolowekwa kwa wingi au kwa muda mrefu kupita kiasi.

Ingawa ni kali, Double IPA haitakiwi kuwa nzito. Watengenezaji wengi huongeza sukari ya kawaida katika upishi. Hamira huimaliza yote, hivyo alkoholi hupanda bila bia kuwa nene kama uji. Bia iliyobaki tamu na nzito huchosha baada ya nusu glasi, hata kama hopsi zake ni za bei ghali.

Alama

Mashindano mengi hufuata utaratibu wa BJCP, chama cha majaji wa bia kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985. Karatasi yake ina alama 50: harufu 12, mwonekano 3, ladha 20, hisia mdomoni 5 na tathmini ya jumla 10. Bia yenye alama 45 au zaidi huhesabiwa kuwa bora kabisa, na yenye chini ya 14 huwa na kasoro kubwa. Jaji huandika maelezo kwa kila kipengele, na karatasi hurudishwa kwa aliyepika. Alama bila maelezo hazimsaidii mpishi kujua akosoe nini.

Mwonekano una alama 3 tu, lakini umeleta ubishi mwingi. Mwaka 2011 kampuni ya The Alchemist ya Waterbury, Vermont, ilianza kuuza kwa makopo bia yake Heady Topper, ambayo haichujwi na ina ukungu. Kopo lenyewe linamwambia mnywaji asiimimine katika glasi, shauri ambalo jaji hawezi kulifuata. Bia za ukungu zilipoenea, kuzipima kwa kanuni za bia angavu kulionekana ni kuzionea, na katika mwongozo wa BJCP wa mwaka 2021 IPA ya ukungu ina fungu lake.

Kasoro zinazojificha

Harufu ya siagi huonyesha kwamba hamira haikupewa muda wa kumaliza kazi. Harufu ya tufaha bichi ina sababu inayofanana. Harufu ya mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea, hasa kikichemshwa kwa muda mfupi. Alkoholi inayochoma kama pombe ya moshi huonyesha kwamba uchachukaji ulifanyika katika joto kubwa mno. Hii ndiyo kasoro ambayo wapishi wachanga huitetea zaidi, wakisema kwamba bia kali lazima ichome. Pliny the Elder na nyingine za namna yake zinaonyesha kwamba si lazima. Bia iliyopigwa na jua katika chupa nyeupe au ya kijani hunuka kama kicheche, na kadiri ilivyo na hopsi nyingi ndivyo hatari hiyo inavyozidi.

Uchovu wa ulimi

Uchungu hubaki mdomoni na kujilimbikiza. Baada ya bia tatu au nne za namna hii, ya tano huonekana hafifu hata kama si hafifu, na ile yenye kelele zaidi hupata alama isizostahili. Kwa hiyo majaji hunywa maji na kutafuna mkate usio na chumvi, hurudia kuonja zile za mwanzo kabla ya kukubaliana, na hupewa bia bila kuonyeshwa jina lake. Alkoholi nayo ina hesabu yake: vionjo kumi vya mililita 90 vyenye asilimia 8 vina mililita 72 za alkoholi, karibu sawa na chupa tatu za nusu lita za bia ya asilimia 5. Jaji mwangalifu hamalizi glasi, wala haendeshi gari baadaye.

Umri wa bia

Divai nyingine na bia nyingine kali hupata ladha zikihifadhiwa miaka. Double IPA huharibika. Oksijeni kidogo iliyoingia wakati wa kufungasha huua harufu ya hopsi, na mahali pake huja utamu wa asali iliyochakaa, kisha harufu ya boksi la karatasi lililolowa. Joto huharakisha mabadiliko hayo, ndiyo maana bia hii huhifadhiwa ndani ya jokofu tangu kiwandani hadi dukani. Lebo ya Pliny the Elder yenyewe humhimiza mnunuzi asiiweke. Katika mashindano jaji hajui tarehe ya kufungashwa, naye huipa alama bia kama ilivyo katika glasi siku hiyo, hata kama mwezi mmoja kabla yake ilikuwa nyingine kabisa.