Daftari la Mtoto wa Kariakoo

Wasomaji wetu wa mashamba wakisikia Kariakoo hufikiri maduka, mikokoteni na kelele za wachuuzi, wala hawadhani kwamba mtoto wa huko aweza kujifunza habari za miti na ndege. Sisi twaona kwamba aweza sana.

Kabla ya vita ya 1914 mahali hapo palikuwa na shamba la minazi. Wajerumani wakajenga ukumbi wa soko. Na Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wa vita, Carrier Corps, jina lililogeuka midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Minazi ilikwisha, majina yakabaki: Mnazi Mmoja, mtaa wa Mchikichi, mtaa wa Mkunguni. Mwalimu akiwatoa watoto nje akawauliza, "Mkungu wenyewe u wapi leo?" somo limekwisha kuanza.

Kisha watazame kunguru. Yule mwenye shingo ya kijivu si mwenyeji. Aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili ale takataka za mji. Akazaana, akavuka bahari, akawa adui wa mayai na makinda ya ndege wetu. Mtoto amwona kila asubuhi jalalani. Basi na aandike saa, hesabu yao, chakula chao, na ndege gani amefukuzwa.

Kazi hii si mchezo. Jane Goodall alipofika Gombe, karibu na Kigoma, Julai 1960, hakuwa na digrii yo yote. Alikuwa na darubini na daftari. Novemba mwaka ule ule aliandika habari za sokwe aliyeingiza ubua wa nyasi katika kichuguu ili avue mchwa, na wataalamu waliodhani kwamba mwanadamu peke yake hutengeneza zana walilazimika kufikiri upya. Mwaka 1991, nyumbani kwake Dar es Salaam, wanafunzi wapatao 12 walimwendea wakisikitikia uharibifu walioona. Ndipo kilipozaliwa chama cha Roots & Shoots, yaani Mizizi na Machipukizi, kilichoenea katika nchi zaidi ya 60 kabla bibi huyo hajafariki Oktoba 2025.

Mashamba ya shule yaliyofuata Elimu ya Kujitegemea ya 1967 yalizoeza mikono. Macho, twadhani, yalisahauliwa, na mara nyingi jembe likawa adhabu ya mchelewaji.

Walakini jambo lililo zito kupita yote ni mto Msimbazi, utokao vilima vya Pugu na kupita Jangwani, kando ya Kariakoo. Mvua za Desemba 2011 ziliufurisha. Watu wapatao 40 walikufa mjini, na wengi wa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Ukiuliza maji yalifika wapi, kila mtu hunyosha kidole mahali pake. Mkebe wenye pande zilizonyoka, uliowekwa uwanjani mbali na paa, na rula ya shule, vyatosha kupima mvua kila asubuhi saa moja. Mtoto aandike tarehe na kipimo. Kisha, akiwa na mwalimu wake, atazame mto toka juu ya daraja, asishuke ukingoni, aandike rangi ya maji, na takataka zipitazo, na ni jiwe gani limefunikwa leo ambalo jana lilionekana.