Deni la Kampuni na Kodi ya Songea

Katika habari za Majimaji husemwa sana juu ya dawa, si juu ya deni. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki iliposhindwa kuitawala pwani baada ya vita vya Abushiri vya 1888, Serikali ya Berlin iliitwaa nchi, na mwaka 1890 ikaahidi kuilipa Kampuni marki 600,000 kila mwaka kutoka forodha ya koloni. Boma la Songea lilijengwa 1897. Mwaka uo huo ikatangazwa kodi ya nyumba, rupia 3 vijijini, na rupia zenyewe zilikuwa na jina la Kampuni! Mpiga kura wa Ujerumani aliyechukizwa na gharama hizo alikuwa na mjumbe Bungeni. Mngoni hakuwa na kura. Mwaka 1905 Wangoni walishika silaha. Mwaka 1906 nduna Songea Mbano alinyongwa.