Ramani Mbili za Mji wa London

Mwanadamu ameumbwa apende mpango. Akitazama nyota huziunganisha akaona nge au mwindaji; akitazama mawingu huona ng'ombe na mashua. Tabia hii si upungufu. Ndiyo iliyomfunza mkulima kujua majira kwa kutazama Kilimia, na ndiyo iliyomfunza nahodha wa jahazi kutambua zamu za kaskazi na kusi. Mtu asiyeona mpango wa mambo hawezi kupanda wala kusafiri. Lakini tabia hiyo hiyo inayotupa elimu hutupa pia upuzi, kwa kuwa akili haijui kupumzika: hata mahali pasipo mpango wowote huutafuta, na ikiukosa huutunga.

Basi, msomaji, tutautofautishaje mpango wa kweli na mpango wa kutungwa? Ili tupate jawabu, yafaa tuyatazame mambo mawili ya historia yaliyotokea katika mji mmoja, yaani London, kwa mwachano wa miaka 90. Katika kila jambo watu walikufa kwa wingi, na katika kila jambo alitokea mtu mmoja aliyekaa na ramani akahesabu. Ramani ya kwanza ilionyesha mpango wa kweli ambao wakubwa walikataa kuusadiki. Ramani ya pili ilihusu mpango ambao watu wengi waliusadiki, nao haukuwapo kabisa.

Jambo la kwanza lilitokea mwaka 1854. Mwisho wa mwezi wa Agosti, kipindupindu kilizuka katika mtaa wa Soho, na kwa muda wa siku 10 tu watu zaidi ya 500 walikufa katika njia chache zilizopakana. Waganga wengi wa zama hizo waliamini kwamba ugonjwa huo uliletwa na hewa chafu yenye uvundo. Imani hiyo haikuwa ya wajinga, kwani mitaa ya maskini ilinuka kweli, na ndiko kipindupindu kilikoua wengi.

Daktari John Snow hakukubaliana nao. Yeye alishuku maji. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akaandika idadi ya waliokufa, na katika ramani yake akatia alama moja kwa kila kifo. Alama hizo zilijazana kuizunguka pampu moja ya maji iliyokuwa katika njia iitwayo Broad Street.

Mtu mwingine angeishia hapo na kushangilia. Lakini sifa ya Snow ni kwamba hakuyaamini macho yake peke yake, bali alitafuta kwa bidii yale ambayo yangeweza kumpinga. Katika vifo 83 vya kwanza alivyovichunguza, 10 vilitokea katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Je, hao walikufa kwa nini? Alipouliza, jamaa za watu 5 walimwambia kwamba daima walituma watu kuteka maji ya Broad Street, na wengine 3 walikuwa watoto waliokwenda shule karibu na pampu hiyo. Kisha akatazama upande wa pili, yaani watu waliokaa karibu na pampu nao hawakufa. Karibu nayo palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, lakini waliokufa kwa kipindupindu walikuwa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Palikuwa pia na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, wala hakuna aliyekufa; hao walikunywa bia, na kiwanda nacho kilikuwa na kisima chake. Tena, mama mmoja mjane aliyekaa mbali sana, huko Hampstead, alikufa kwa ugonjwa ule ule. Ilionekana kwamba aliyapenda mno maji ya Broad Street hata akawa akiletewa kila siku.

Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu uliondolewa. Snow mwenyewe alikiri kwamba wakati huo ugonjwa ulikwisha kupungua kwa kuwa watu wengi walikimbia mtaa. Kamati ya serikali iliyochunguza habari hizo iliyakataa maelezo yake mwaka 1855, naye akafariki mwaka 1858 kabla ya kuthibitishwa. Lakini haki ilikuwa upande wake. Mwaka 1884 Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kwamba amekitambua kijidudu cha kipindupindu, ambacho huenezwa hasa kwa maji machafu.

Sasa tugeuke kwenye ramani ya pili. Mwaka 1944, Vita Kuu ya Pili ilipokuwa ikielekea ukingoni, Wajerumani walianza kuipiga London kwa kombora jipya lililoitwa V-1. Lilikuwa kama ndege ndogo isiyo na rubani, lenye propela ndogo puani ya kupima umbali. Umbali uliokusudiwa ulipotimia, kombora liliinamisha kichwa likaanguka. La kwanza liliangukia London tarehe 13 Juni 1944. Kwa jumla yaliyofika London yalikuwa zaidi ya 2,000, nayo yaliua watu zaidi ya 6,000.

Wenyeji walipoyatazama magofu waliona jambo la ajabu. Mahali pengine palipigwa mara mbili, mara tatu, hata mara nne, ilhali mahali pa jirani palibaki salama. Watu wakasema kwamba makombora huanguka kwa mafungu, kwa kuwa adui ana shabaha na anachagua. Imesimuliwa pia kwamba wako walionong'ona kuwa pale pasipoguswa ndipo wanapokaa wapelelezi wa adui. Tusiwacheke. Mtu anayelala kila usiku akisikiliza mngurumo juu ya paa lake hana budi kujiuliza: je, mahali pangu pamechaguliwa? Nihame au nikae? Katika swali hilo lilikuwamo hofu ya uhai wake na wa watoto wake.

Mtaalamu mmoja wa hesabu za bima, R. D. Clarke, alilichunguza swali hilo, na mwaka 1946 akatangaza matokeo yake. Alichukua eneo la kusini mwa London lenye kilomita za mraba 144, akaligawa katika miraba 576, kila mmoja ukiwa robo ya kilomita ya mraba. Katika eneo hilo yalianguka makombora 537. Kisha akajiuliza hivi: kama makombora haya yangeanguka kiholela tu, bila shabaha wala chaguo, ni miraba mingapi isingepigwa kabisa, na mingapi ingepigwa mara moja, mara mbili, na kuendelea? Kanuni ya kukadiria hayo ilikuwa imekwisha kutolewa mwaka 1837 na Mfaransa Siméon Denis Poisson.

Hesabu ilisema kwamba miraba 227 isingepigwa. Isiyopigwa ilikuwa 229. Ilisema kwamba 211 ingepigwa mara moja; iliyopigwa mara moja ilikuwa 211. Kwa mara mbili hesabu ilitaja 99, na kwa kweli ilikuwa 93. Kwa mara tatu ilitaja 31, na kwa kweli ilikuwa 35. Kwa mara nne ilitaja 7, na kwa kweli ilikuwa 7. Uliopigwa mara tano au zaidi ulikuwa mmoja, ambapo hesabu ilikisia mmoja au miwili. Kwa hiyo yale mafungu waliyoyaona watu yalikuwapo kweli, ila hayakuwa kazi ya mchaguzi. Ndivyo bahati tupu inavyofanya. Adui alikuwa na uwezo wa kuulenga mji mzima, wala hakuwa na uwezo wa kulenga mtaa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani kwamba jambo la kubahatisha lazima ligawanyike sawasawa kila mahali. Jaribu mwenyewe, msomaji. Chora miraba juu ya jamvi, kisha rusha konzi ya maharagwe bila kulenga. Utaona mraba huu una matano na ule hauna hata moja. Au chukua shilingi uirushe mara 20, ukiandika kila mara upande ulioangukia. Halafu mwambie rafiki yako aandike orodha kama hiyo kwa kubuni tu. Aghalabu orodha ya rafiki itabadilisha pande upesi upesi, kwa kuwa ataona haya kuandika upande mmoja mara nyingi. Lakini shilingi haina haya. Katika kuirusha mara 20, upande mmoja hufuatana mara 4 au zaidi katika majaribio kama 3 kwa kila 4.

Kwa nini basi twasadiki upesi hivi? Yamkini sababu moja ni ya kale. Mchungaji aliyesikia mchakacho nyasini akadhani ni simba alipata hasara ndogo ikiwa ni upepo tu. Lakini aliyedhani ni upepo, kumbe ni simba, hakurudi nyumbani. Sababu ya pili ni kwamba msiba usio na mwenyewe ni mzigo mzito. Tukipata wa kumlaumu, hata awe wa kubuni, moyo huona nafuu, maana mtu huweza kuonwa na kuzuiwa, na bahati haionwi wala haizuiwi.

Nafuu hiyo ina gharama, na mara nyingi hulipwa na asiye na hatia. Tauni ilipoingia Ulaya mwaka 1347 na kuanza kuua mamilioni ya watu, ulienea uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Papa Clement wa Sita aliupinga uvumi huo mwaka 1348 kwa hoja ambayo Snow angeipenda: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, na tauni inaua hata katika nchi wasikokaa Wayahudi. Hoja ilikuwa njema, nayo haikusikilizwa. Tarehe 14 Februari 1349, mamia ya Wayahudi walichomwa moto katika mji wa Strasbourg, na wakati huo tauni ilikuwa bado haijaufikia mji wenyewe.

Wala sisi wa Afrika ya Mashariki tusijione tumeepukana na hayo. Wazee wetu walizijua habari za mumiani. Neno hilo lilikuwa jina la kitu cheusi kama utomvu mgumu, kilichotumiwa pwani kuwa dawa, na kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, yenye jina la Frederick Johnson, yaeleza kwamba wengi waliamini kuwa kimetengenezwa kwa damu ya watu waliouawa. Zama za ukoloni, katika miji mingi, wazimamoto walidhaniwa kuwa ndio wanaokamata watu usiku ili kuwatoa damu. Hakuna damu iliyopata kuonekana. Lakini angalia udongo ulioiotesha mbegu hiyo. Palikuwa na serikali iliyotwaa ardhi, ikatoza kodi ya kichwa, ikamvika mtu kipande shingoni. Palikuwa na sindano za hospitali ambazo hazikuelezwa. Na wako waliokwenda kutafuta kazi wasirudi. Mtu aliyenyonywa kweli hakuona taabu kusadiki kwamba ananyonywa hata damu. Habari ilikuwa ya uongo, na uchungu ulioizaa ulikuwa wa kweli. Kwa sababu hiyo anayetaka kuuondoa uvumi asianze kwa dharau. Na aulize kwanza ni jeraha gani linalosema.

Wahenga walinena kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hufaa pengine, lakini si hoja ya kumhukumu mtu. Dalili ya mvua ni mawingu, wala si kila wingu lina mvua. Basi utakaposikia kwamba ajali tatu katika barabara moja ni kazi ya majini, au kwamba vifo viwili katika ukoo mmoja ni kazi ya jirani mwenye macho mekundu, jiulize maswali matatu. La kwanza: kama ingekuwa bahati tupu, ningetazamia kuona nini? Hilo ndilo swali la Clarke. La pili: wako wapi wale ambao habari hii ikiwa kweli wangalidhurika, nao hawakudhurika? Hilo ndilo swali la Snow. La tatu: nikikosea, nani atakayelipa?

Maswali haya hayatakuondolea hofu mara moja. Snow alikuwa na mashaka mpaka alipouliza nyumba kwa nyumba, na watu wa London walijenga upya nyumba zao bila kuambiwa ni kwa nini ilianguka ya huyu na si ya yule. Lakini yatakuzuia usiunyoshee kidole mlango wa jirani kabla hujahesabu. Ukihesabu ukaona mpango upo, kama ulivyokuwapo katika Broad Street, simama useme, hata wakubwa wakikukataa. Na ukihesabu ukaona haupo, kama ulivyokosekana kusini mwa London, usione haya kusema hivyo mbele ya watu wote.