Usambiro na Mifupa ya Mackay

Katika historia ya Kanisa la Afrika Mashariki, Usambiro hutajwa kwa kupita tu. Palikuwa kijiji cha mtemi Makolo, kwenye tambarare ya kusini mwa Ziwa Viktoria, karibu na mwisho wa Ghuba ya Mwanza. Hapo msafiri wa kwenda Buganda aliacha njia ya miguu na kutafuta chombo. Je, kijiji hicho kilikuwa njia tu?

Mwaka 1887 Alexander Mackay, mhandisi Mskoti na mmishonari wa C.M.S., alifika hapo baada ya kulazimika kuondoka Buganda chini ya Kabaka Mwanga. Alijenga kituo, akachapa sehemu za Maandiko kwa Kiganda. Machi 1888 Askofu Henry Parker, aliyeshika nafasi ya Hannington aliyeuawa, alifia hapo. Mwaka 1889 Stanley na Emin Pasha walipumzika kituoni takriban wiki tatu. Tarehe 8 Februari 1890 homa ilimchukua Mackay, akiwa na umri wa miaka 40. Alizikwa Usambiro, mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe.

Hatusemi kwamba uhamisho ule ulikuwa kosa, maana Buganda ndiko alikotumika miaka mingi. Lakini mifupa ilipoondoka, kumbukumbu nayo iliondoka. Kituo kama kile hakisimami bila wenyeji: wapo waliouza nafaka, waliobeba magogo, waliomhudumia mgonjwa. Vitabu vyetu vina jina la mtemi, lakini wao havina.

Jambo hili si la kale tu. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na katika ukanda wa dhahabu swali la kuhamisha watu na makaburi yao limemfikia mchungaji mlangoni. Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969 huelekeza utaratibu na fidia. Haielekezi namna ya kukumbuka. Kazi hiyo ni yetu.

Yusufu aliapisha ndugu zake wachukue mifupa yake kutoka Misri (Mwa. 50:25), na Maandiko yakataja Shekemu ilikozikwa (Yos. 24:32). Safari ilihifadhiwa pamoja na mahali. Basi mwanafunzi apelekwaye mtaani na aanze kwa wazee: nani alitoa ardhi ya kanisa hili, nani alizikwa hapa, na majina yao yaandikwe katika kitabu cha usharika kabla ya midomo hiyo kufumbwa.