Kiangazi cha Mitendeni: Desturi ya Kale ya Omani

Jua la Maskati, mji uliobanwa baina ya bahari na majabali makavu yasiyoota hata jani, halina rehema tangu mwezi wa Mei mpaka wa Septemba; majabali hayo hunywa moto mchana kutwa na kuutoa usiku kucha, joto likapita nyuzi 40, na mtu aliyepanda darini kutafuta upepo akashuka alfajiri akiwa amechoka kuliko alivyopanda. Kwa sababu hiyo, katika zama zilizotangulia umeme, kila mwenye uwezo, na wengi wasio na uwezo mkubwa, walifunga milango ya nyumba zao msimu ulipoingia, wakawakusanya wazee na watoto, wakahamia mitendeni, hawa wakielekea Sib na Barka katika pwani ya Batina, na wale wakishika njia za bara kuwafuata jamaa zao waliokuwa na mashamba huko. Waomani huuita msimu huo kaidhi, nao ndio msimu wa kuiva tende, kwani jua lilelile linalomfukuza mtu mjini ndilo linalolitia tunda utamu. Katika kukutana kwa mambo hayo mawili ilizaliwa desturi iliyowalea watoto wa Omani, na wa nchi jirani za Ghuba, kwa karne nyingi.

Upande wa Abu Dhabi na Dubai desturi hii ilikuwa na sura yake. Huko wanaume wengi waliingia baharini kuzamia lulu tangu mwezi wa Juni mpaka wa Septemba, na wasirudi majumbani mwao muda wote huo. Basi wanawake, watoto na wazee walisafirishwa kwa ngamia wa kukodi hadi Buraimi na Al Ain, safari ya siku kadhaa katika mchanga, ambayo watu walipenda kuiendea usiku, ili mchana, jua linapokuwa kali, wawe wamejilaza penye kivuli chochote walichokipata. Mabedui nao, waliokuwa wakizunguka na mifugo yao katika mchanga wa Wahiba, walisogea Bidiya, wakajenga vibanda vya makuti kandokando ya mashamba. Hivyo mtoto wa mjini, mtoto wa shamba na mtoto wa jangwani, ambao mwaka mzima hawakujuana, walikutana chini ya miti ile ile na kuoga katika maji yale yale.

Maji hayo yalikuja kwa falaji, mifereji ambayo mababu waliichimba kuyatoa chini ya ardhi mbali huko milimani na kuyaleta bondeni kwa mteremko mtupu, bila ya mtambo wowote. Mitano kati yake, ukiwamo Falaji Daris wa Nizwa, iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Falaji ina taratibu zake, na mtoto alijifunza taratibu hizo kabla hajajua kusoma: maji yanapotokeza kwanza ni ya kunywa, wala haijuzu mtu kutia mguu hapo, yakishuka kidogo ndipo pa kutawadhia na kuogea, wanaume pao na wanawake pao, kisha ndipo yaingie mashambani, kwa zamu ambayo kipimo chake huitwa athari, yaani nusu saa. Mchana zamu hizo zilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa uwanjani, na usiku kwa kuchomoza na kuzama kwa nyota, kazi iliyokuwa ya wazee wenye macho na subira; na mjukuu aliyekaa na babu yake kando ya mfereji, akingojea nyota ya zamu yao ichomoze nyuma ya mlima ili lango la maji lifunguliwe, alipata elimu ya falaki ambayo siku hizi wengi wetu hatunayo.

Tende zenyewe haziivi kwa mkupuo, na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililoufanya msimu kuwa mrefu na wa taratibu. Hutangulia Naghali, ambayo tunda lake la kwanza lilikuwa bishara, likipelekwa kwa majirani katika kikapu kidogo kabla ya mwenye shamba kujishibisha. Hufuata Khalasi, na Khunaizi yenye wekundu wa kupendeza. Na Khasabu huja mwisho, wakati watu wameanza kuwaza kurudi. Hata katika shada moja punje hazilingani: hii ni ya manjano na ngumu, ile imelainika nchani na kuwa na rangi ya asali huku sehemu ya juu ingali manjano, na nyingine imekwisha kuwa rutabu yenyewe, laini, ambayo ngozi yake huchubuka kwa kuguswa tu. Mchumaji alipanda kwa habuli, ile kamba pana inayomzunguka yeye na mti, akachagua punje moja moja, akaziteremsha kwa kikapu, na watoto waliokuwa wakingojea chini waliokota zilizodondoka, wakazipangusa mchanga na kuzila. Mtende hauharakishwi, anayetaka tende yake hana budi kurudi kwake kesho, na kesho kutwa. Baina ya kungojea huko palikuwa na madrasa chini ya mti, palikuwa na usingizi wa adhuhuri, palikuwa na hadithi za bibi baada ya isha, watu wakiwa wamejinyosha juu ya majamvi ya makuti.

Bidiya na Ibra palikuwa na kazi kubwa ya pamoja, nayo ni kuzipika tende aina ya Mabsali. Zilikatwa zingali za manjano, zikachemshwa katika masufuria makubwa ya shaba, zikaanikwa juani mpaka zikakauka, kisha zikapakiwa kwenda Bara Hindi. Watoto walizipukuchua kutoka mashadani pamoja na mama zao, na siku za kupika zilikuwa kama siku za sikukuu.

Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili hana haki ya kuisimulia historia hii akaishia kwenye kivuli na utamu. Mashamba ya Batina, hasa katika karne ya 19, yalitunzwa na kumwagiliwa kwa mikono ya watumwa, na wengi miongoni mwao walichukuliwa kutoka mrima na bara ya Afrika Mashariki, wakavushwa kwa majahazi katika upepo wa kusi. Hao ndio waliovuta maji visimani na kupanda mitende, na Waafrika wenzao walizamia lulu katika joto lile lile ambalo matajiri walilikimbia. Biashara ilikuwa kubwa: merikebu *Sultana* ya Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, ilipofika New York mwaka 1840 ilikuwa na tende ndani ya shehena yake, na baadaye tende aina ya Fardhi ilipendwa sana huko Marekani. Mtoto wa mtumwa naye alikuwapo mitendeni msimu mzima. Ila yeye hakuja kupumzika, na jioni hakumiliki hata kikapu alichokijaza. Mikataba ya mwaka 1873 iliyokataza biashara ya watumwa baharini haikuufuta utumwa wenyewe katika Omani, ambao ulidumu hadi ulipopigwa marufuku mwaka 1970.

Kumalizika kwa desturi ya kuhamia mitendeni kulikuja kwa njia nyingi. Lulu za kupandikizwa za Wajapani, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, ziliua uzamiaji katika miaka ya 1930. Wamarekani nao walikwisha kupanda mitende yao California, wasizihitaji tena sana tende za Omani. Omani ilisafirisha mafuta yake ya kwanza mwaka 1967, na katika miongo iliyofuata barabara, shule na viyoyozi viliingia kila mahali. Likizo ya kiangazi ingalipo, na familia nyingi huitumia kwenda Salala, ambako mvua nyepesi za kharifu hushuka kuanzia mwishoni mwa Juni na kuifanya milima ya Dhofari kuwa kijani, katikati ya minazi na mipapai inayomkumbusha Mswahili kwao. Safari hiyo ni njema, lakini ni ya siku chache, na mtoto hupelekwa kutazama. Mitendeni alikaa miezi, akakua huko.

Wangali hai, Omani na katika Falme za Kiarabu, wazee waliopanda ngamia kwenda mitendeni wakiwa wadogo, na baadhi yao, waliowahi kuishi Unguja na Pemba, wanakisema Kiswahili kama sisi. Wangali hai pia wajukuu wa wale walioimwagilia mitende hiyo bila ujira. Ewe msomaji mwenye babu au bibi wa upande wowote kati ya hizo mbili, kaa naye, umwulize kiangazi chake kilikuwaje, uyaandike majibu yake kama atakavyoyatamka, kabla hajaenda nayo.